Kona ya Molasi

Goti langu la kushoto hutabiri mvua kabla ya redio, na asubuhi ile lilikuwa limeshaanza kelele zake simu ilipolia. Nilikuwa soko la Kibuye nachagua viazi. "Dada, ni Nisha," sauti ikasema, na kabla sijauliza Nisha yupi akaendelea, "nyumba imeuzwa. Wenyewe wapya wanachukua funguo Ijumaa. Njoo uuone ua wa Dani mara ya mwisho, usije ukanilaumu." Niliacha viazi vyangu pale pale kwenye mizani. Mwenye viazi akaniita, mama, mama, vipi, umefiwa? Nikamwambia karibu nifiwe. Nyumba yenyewe sikuwahi kuimiliki wala kulala ndani yake hata siku moja, lakini nilisimama katikati ya soko machozi yananilenga, mtu mzima na kikapu changu.

Dani ni neno la Dholuo, lugha ya Waluo, maana yake nyanya, mama aliyemzaa mzazi wako. Sisi wafanyakazi tulimwita hivyo na yeye alipenda. Alikuwa Mhindi, mjane wa mwenye duka la vitambaa, lakini babake alikuwa na duka Sondu na yeye alizaliwa huko, akacheza mtoni na watoto wa Sondu, basi Dholuo chake kilikuwa kizito kuliko changu. Kilichomshinda ni Kiswahili. Nisha ni mjukuu wake, binti wa Bwana Mahendra, na ndiye aliyekuwa bibi harusi mwaka ule ninaotaka kuusimulia, mwishoni mwa miaka ya themanini, mwaka niliojifunza kazi iliyonilisha mpaka leo. Ya kwetu Muhoroni na jinsi nilivyotoka huko nayaacha. Si marefu wala si ya ajabu, na hayahusiani na mawe.

Nilifika Alhamisi. Vyumba vilikuwa vitupu, kuta zina alama za picha zilizotolewa, jikoni pamebaki ndoo moja na ufagio. Nikapita moja kwa moja mpaka nyuma, nikapiga magoti juu ya mawe, nikachukua ufunguo wa nyumba yangu na kuuchomeka kati ya jiwe na jiwe, nione kama pamelegea. Haukuingia. Nikasogea, nikajaribu tena pale karibu na ule mtungi wa matofali Dani alimopanda mrehani wake. Haukuingia. Nisha alikuwa amesimama mlangoni na miwani yake juu ya nywele nyeupe. "Yawa, dada! Miaka yote hii bado unatafuta makosa?" Nikamwambia mwenye kazi haachi kuangalia kazi yake. Sikumwambia kwamba kosa nilijua lilipowahi kuwa, na kwamba kona ile ya mrehani ilikuwa na siri yangu ambayo, kwa hesabu yangu, watu wawili tu walikuwa wakiijua, na wote wawili tumeshawazika.

Aliyenileta pale kwa mara ya kwanza ni Mzee Ogola. Huyu alikuwa fundi wa mawe aliyeheshimika, ila magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alinikuta nikibeba simiti kwenye jengo fulani, karai kichwani, akanitazama ninavyochuchumaa na kuinuka, akasema, "Nyar Muhoroni, wewe una magoti ya kanisa. Njoo tufanye kazi." Nyar ni binti wa, na jina hilo lilinishika mpaka leo. Kazi yenyewe ilikuwa ni kusafisha na kujaza upya jointi za ua, yaani zile nafasi kati ya mawe bapa. Haifanywi umesimama. Unapiga magoti tangu asubuhi mpaka alasiri, unachokoa majani, mizizi na simiti iliyooza kwa tindo na nyundo, unapiga brashi ya waya, unamwaga maji, kisha unashindilia simiti mpya kwa mwiko mwembamba na kuikandamiza kwa kipande cha chuma kilichopindwa. Mzee Ogola aliketi kwenye kigoda chake kivulini akielekeza kwa fimbo. "Hapo. Hapana, hapo. Unachokoa ama unakuna mtu mgongo?" Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na hakuna mtu aliyewahi kunikabidhi mwiko.

Shida ya ua ule ilikuwa udongo wake mweusi, ambao mvua ikinyesha unavimba na jua likiwaka unapasuka. Mawe yalikuwa yanacheza. Dani alitembea pekupeku kila alfajiri kuuzunguka mrehani wake, anamwagilia maji, anasali, na mwezi mmoja kabla hatujaja jiwe lilimgeukia akaanguka, akateguka kifundo cha mkono. Mwanawe Bwana Mahendra akasema basi, yatosha, mawe yote yang'olewe, amwage zege kuanzia mlangoni mpaka ukutani. Dani akakataa. Mawe yale yalikuja kwa treni kutoka pwani mwaka nyumba ilipojengwa, na marehemu mumewe aliyapanga mwenyewe kwa mikono yake, jiwe baada ya jiwe, suruali imekunjwa, watu wa mtaani wakija kumshangaa tajiri anayekaa chini. Hakuwa na kitu kingine alichokitengeneza mumewe kwa mkono. Nguo aliuza, pesa ziliisha, picha zilififia. Mawe yalibaki.

Nayajua haya kwa sababu Dani na mwanawe waligombana sisi tukiwa uani, dirisha la jikoni likiwa wazi. Kwa kawaida waliongea Kigujarati, nasi hatukuelewa neno. Lakini Dani akikasirika na mwanawe alihamia Dholuo makusudi, ili tusikie na tuwe mashahidi. "Wataka kumzika babako mara ya pili, na simiti juu yake?" Bwana Mahendra naye, aliyezaliwa Kisumu hii hii, akamjibu kwa Dholuo, "Mama, wataka nikuzike wewe? Ukivunjika kiuno nani atakubeba?" Kisha sufuria ikagongwa. Mwishowe wakapatana hivi: tupewe mpaka harusi ya Nisha, ambayo ingefanyika ua ule ule baada ya mwaka mpya. Bwana Mahendra angekanyaga kila jiwe mwenyewe. Likicheza hata moja, wageni wakishaondoka tu, watu wa zege wanaingia. Mzee Ogola alinitazama juu ya miwani yake. "Umesikia? Basi chokoa."

Nilichokoa miezi. Asubuhi tulianza kwa baridi, jiwe bado lina umande, nami nasikia kila kitu cha nyumba ile kikiamka: bomba la maji, redio, Dani akikohoa, kibiriti, halafu harufu ya ubani. Ndani ya jointi mlikuwa na maisha yao yote. Nilitoa vifungo, vipande vya bangili, gololi, jino la mtoto, pini ya nywele, ufunguo mdogo ambao haukujulikana ulifungua nini. Dani alinipa mkebe wa maziwa ya unga nivitie humo, na kila siku saa nne asubuhi alikuja na chai, akaketi kwenye ngazi, akavimwaga mapajani na kunieleza. "Bangili hii ni siku Mahendra alianguka kwa mti. Mimi nilipiga ukuta hivi, ikavunjika." Aliniambia kwa Dholuo, nami nikachokoa na kusikiliza. Sijapata kusoma kitabu kikubwa kama ua ule.

Chakula cha mchana ndicho kilichotugombanisha. Jikoni mwa Dani hakikupita chenye damu, wala yai. Mzee Ogola alikuwa mtu wa samaki, bila samaki aliona hajala, na mara ya kwanza alipoletewa sahani ya chapati, dengu na kachumbari alinong'ona, "Sasa hii nitachokoa nayo nini?" Akaenda zake nje ya geti kununua omena akala huko amesimama, akarudi, na Dani akamwambia kwa Dholuo mbele yangu, "Ogola, nawe nawa mdomo, mrehani wangu unakusikia harufu." Lo, jinsi alivyoaibika! Kesho yake alikula dengu. Kufikia mwisho wa mvua alikuwa akiulizia achari ya ndimu kabla hajaketi, na mkewe alimwambia Dani sokoni, sijui ni kweli, kwamba siku hizi mzee anakataa kuku.

Dani ndiye pia aliyetuokoa na mchanga. Mzee Ogola alileta mchanga wa ziwa, uko karibu na ni rahisi kupata. Dani akachukua konzi moja, akausugua kati ya viganja karibu na sikio lake, akausikiliza. Nilidhani anasali. "Huu ni laini mno," akasema, "na una vigamba vya konokono. Leteni wa Sondu, ule unaokwaruza." Alikuwa ameucheza mchanga ule mtoni akiwa mtoto, na mzee, ambaye hakupenda kufundishwa kazi na mtu yeyote, aliusugua naye, akasikiliza, akanyamaza, kisha akaenda kuutafuta. Tangu siku hiyo mimi sinunui mchanga kabla ya kuusikiliza. Vijana ninaowafundisha wananicheka. Wacheke tu.

Ilipofika Desemba nilikuwa nimejaza ua wote isipokuwa kona moja, ile ya mrehani. Mkono ulikuwa umeshaelewa. Simiti kipimo kimoja, mchanga vitatu, maji kidogo, unakandamiza, unaifunika kwa gunia bichi, unaimwagilia siku saba kama mgonjwa. Mzee alikuwa ameacha kunielekeza kwa fimbo, alisinzia nayo mapajani. Halafu akafiwa na kaka yake, na msiba wa kwetu si wa siku moja. "Kona hii utaimaliza mwenyewe," akaniambia akifunga mzigo wake. "Usibadilishe kitu. Fanya nilivyokuonyesha." Nikaitikia ndiyo mzee, na nilikuwa na kiburi mpaka kwenye kucha.

Nikabadilisha kitu. Jua la Januari lilikuwa kali ajabu, simiti inakauka kwenye mwiko kabla hujaikandamiza, inapasuka nyufa nyembamba unazitazama. Ningeweza kufanya kazi alfajiri na kupumzika mchana, kama mtu mwenye akili. Badala yake nikakumbuka mambo mawili. La kwanza, fundi mmoja Kibuye aliyekuwa akijisifu kwamba sukari kidogo huifanya simiti ichelewe kukauka. La pili, la kwetu Muhoroni, ambako kila mtu humwaga molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa, mbele ya nyumba, vumbi likatulia, ardhi ikawa ngumu na nyeusi. Basi nikajumlisha. Ikiwa sukari inachelewesha na molasi inafanya ngumu, mimi ni nani nisitumie molasi? Nilikuwa nayo debe moja, nimeletewa na lori la miwa niipeleke kwa mwenye ng'ombe jirani. Nikatia kikombe kizima kwa kila karai. Uwi! Simiti ikalainika vizuri, ikateleza kati ya mawe, inang'aa, sijapata kuona. Nilimaliza kona yote kwa siku moja. Nilijiambia Mzee Ogola akirudi atanivulia kofia.

Kesho yake ilikuwa bado laini. Nikasema inachelewa, si ndivyo nilivyotaka? Keshokutwa nikachomeka kidole, kikaingia chote. Siku ya tatu asubuhi nilimsikia Dani akiniita, si kwa ukali, kwa mshangao tu: "Nyar Muhoroni, bi ine." Njoo uone. Kona nzima ilikuwa inatembea. Sisimizi walikuwa wamejipanga ndani ya kila jointi, wekundu na weusi, wengine wanaingia na wengine wanatoka, wamebeba punje za mchanga mtamu. Mawe yaliyozunguka mrehani, yale ambayo Dani aliyakanyaga kila siku, yalikuwa yanaelea juu ya uji. Harusi ilikuwa imebaki siku kumi na moja.

Nilianguka magotini nikaanza kuchokoa kwa mikono. Nilikuwa nalia, sisimizi wananiuma, mikono imekuwa hudhurungi mpaka kwenye viwiko, na hapo ndipo tuliposikia gari la Bwana Mahendra langoni. Hakuwa na kawaida ya kurudi saa hiyo. Dani alinitazama, akatazama kona, akanisukuma. "Ingia jikoni. Osha mchele." Niliingia, nikaanza kuosha mchele usiohitaji kuoshwa, na kwa dirisha nikamwona Bwana Mahendra akishuka ngazi, viatu vyake vyeusi vinang'aa, akasimama mbele ya ile fedheha yangu. Waliongea Kigujarati. Yeye aliuliza jambo, Dani akajibu kirefu, mkono kiunoni. Akauliza tena, Dani akajibu kwa ufupi. Kisha Bwana Mahendra akageuza kichwa pole pole akatazama dirisha la jikoni, akanitazama mimi na bakuli langu, muda mrefu. Nikasema basi, nimekwisha, na mawe ya watu nimeyamaliza. Akarudi kwenye gari lake. Nilipomuuliza Dani amemwambia nini, alisema, "Nimemwambia simiti bado mbichi. Si ni kweli?"

Mzee Ogola alirudi jioni hiyo hiyo, amenyoa kichwa kwa msiba. Alisimama. Alichota kidogo kwa kidole akaonja. "Umepika chai," akasema. Nilitamani anitukane, lakini alikaa kwenye kigoda na kujifuta uso. Kisha akaagiza mafuta ya taa na maji ya moto, tuwamalize wadudu wale tuanze upya. Dani akasema hapana. Hapo ndipo Mzee Ogola alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Mama, ni sisimizi! Tuna siku kumi!" Dani akasema kwamba yeye huwalisha sisimizi kila asubuhi, unga na sukari, kando ya mrehani, tangu alipoolewa, mama yake alifanya hivyo Sondu na nyanya yake huko Uhindini alifanya hivyo. Wiki ya harusi ya mjukuu wake hamchomi kiumbe aliyekuja kula mlangoni pake. "Wamekuja kwa sababu mmewaita. Sasa waiteni mahali pengine."

Kwa hiyo tuliwaita. Siku mbili nzima mafundi wawili na bibi wa miaka sabini tulitandaza unga wa ngano na sukari, mstari mmoja kutoka kila jointi, kuvuka mawe, kupita chini ya ukuta, mpaka shina la mpera nje ya ua. Kila saa tuliusogeza. Dani alitambaa pamoja nasi, sari imefungwa kiunoni, anawasemesha Dholuo, "Twendeni, twendeni, huku kutamu zaidi." Mzee Ogola mwanzoni aligeuza uso kwa aibu asije akaonekana na watu. Kufikia alasiri ya pili alikuwa akinigombeza mimi, "We, angalia unamkanyaga yule!" Siku ya tatu alfajiri jointi zilikuwa tupu, na mpera ulikuwa mweusi kwa sisimizi.

Nikachokoa yote. Nilitoa mpaka chini kabisa, hata palipoonekana pamekauka, nikainua mawe sita, nikaosha kila ukingo mara tatu maana tone moja la ule utamu lingeharibu tena. Mzee hakunigusia mwiko. "Uliiharibu wewe, itengeneze wewe." Nilifanya kazi tangu kuna giza la alfajiri mpaka jua lilipoanza kuchoma, nikafunika magunia, nikamwagilia, nikarudia. Usimamizi wangu ulikuwa kikohozi cha Dani dirishani. Siku moja kabla ya harusi Bwana Mahendra alikuja na viatu vyake. Alianzia mlangoni. Kila jiwe alilipiga kwa kisigino, gu, anasikiliza, anasogea, gu. Mzee Ogola alikuwa amevua kofia. Dani aliketi kwenye ngazi anachambua maua kama hana habari, ila alikuwa anachambua ua moja lile lile. Bwana Mahendra alipofika kona ya mrehani alipiga kila jiwe mara mbili. Kisha akasimama, akajipangusa mikono ambayo hakuitumia. "Sawa," akasema, akaingia ndani. Basi. Sawa tu! Nilimchukia kwa neno lile. Kesho yake wageni walicheza juu ya jointi zangu mpaka jioni, na alfajiri iliyofuata Dani aliuzunguka mrehani wake pekupeku kama kawaida, halafu akaniita nizunguke naye. Nilizunguka.

Wiki chache baadaye mtu akanijia kutoka hekalu la kina Dani, akaniulizia kwa jina, anataka ua mzima ujazwe jointi. Kazi yangu ya kwanza peke yangu, na zote zilizofuata zilitoka humo. Nilimkimbilia Mzee Ogola kumshukuru. "Mimi sikusema na mtu," akasema. Nikadhani anajishusha, maana wazee wa aina yake hawapendi kushukuriwa. Alipofariki nilisimama kaburini nikamshukuru tena kwa hekalu. Dani nilimshukuru akiwa hai, kwa mchanga, kwa chai, kwa kunificha. Nilidhani nimemaliza kushukuru.

Sasa turudi Alhamisi ile. Nisha aliketi karibu nami kwenye ngazi, akaonyesha kona kwa kidole. "Unajua sisi nyumbani tunapaitaje pale? Kona ya Molasi." Nikamgeukia. "Nani aliwaambia?" "Dani mwenyewe! Alimwambia baba, siku ile ile, kwamba yeye ndiye aliyemimina molasi kwenye simiti yenu mkiwa hamko, eti ndoa yangu iwe tamu. Yawa, tulimcheka! Kila sikukuu, mpaka alipokufa. Mtu akishika sukari tu, tunapiga kelele, 'Mfungieni Dani simiti!' Naye anacheka na sisi, anafunika uso na sari." Nisha alikuwa akicheka akisimulia. Mimi sikuweza. Miaka yake yote ya mwisho, mwanamke aliyejua mchanga kwa masikio, amechekwa na wajukuu wake kwa ujinga wangu, na kila wiki nilikuwa nikija kumsalimia, ananipa chai, haniambii.

"Nisha," nikasema, "ni mimi." Nikamweleza yote, debe, kikombe, kiburi. Aliacha kucheka. Alinishika mkono, akakaa nao, kisha akatoa simu. "Hii lazima baba aisikie." Bwana Mahendra ni mzee sana sasa, anaishi ng'ambo na mwanawe wa kiume. Uso ukatokea kwenye kioo, mwembamba, kofia ya sufu kichwani. Nilirudia maneno yangu kwake, kwa Dholuo, kwa sababu ya Dani. Nikamwomba msamaha.

"Mama yangu," akasema pole pole, "alikuwa hawezi kufungua chupa ya achari. Debe la molasi angelifungua na nini?"

"Bwana, ulijua?"

"Ulikuwa unaosha mchele pale dirishani, na maji yanageuka chai."

"Mbona hukunifukuza?"

"Mama amesema ni yeye. Sasa nimwite mama yangu mwongo?" Akakohoa, kikohozi kile kile cha Dani. "Lakini nilikuwa nikichungulia kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Nikaona umetoa yote, hata pale palipokuwa pazuri. Nikawaambia watu wa hekalu, huyo msichana mchukueni."

Miaka thelathini na kitu nilikuwa nimebeba chuki ya kisigino cha mtu huyu, na huku nakula kwa mlango alionifungulia yeye. Nililia mbele yake bila kujificha. Nikamwambia ero kamano, asante, Bwana, asante, nikairudia mpaka Nisha naye akaanza kujifuta macho. Yeye alingoja nimalize.

"Ile kona," akauliza, "bado inashika?"

"Inashika, Bwana."

"Piga nisikie."

Niliiweka simu juu ya ukingo wa mtungi wa mrehani. Nikavua kiatu, nikapiga magoti, la kushoto likalalamika, nikaanza kupiga kwa kisigino cha kiatu, jiwe moja baada ya jingine, kila moja mara mbili, mpaka nikaizunguka kona yote. Nikavaa kiatu, nikaiinua simu.

"Sawa," akasema.